Injini ya Kaka

"Nani amefunga hii?"

Fundi Kipimo hakuwa amesalimia mtu. Begi lilikuwa bado begani, na konrodi nne za kushikia pistoni, alizotoka kuzichukua kwa watu wa mashine za kuchonga, zilikuwa kwapani, zimefungwa kwenye gazeti. Mbele yake, juu ya stendi ya vyuma, injini ya pikapu ilikuwa imelala chali kama alivyoiacha Ijumaa. Ila Ijumaa aliiacha wazi chini ya kitambaa, krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imelala mahali pake bila kofia hata moja ya kuishikilia. Leo kofia zote tano zimekaa, na bolti zake kumi zimekazwa mpaka basi.

"Mimi," akajibu kaka yake mkubwa. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, anafuta mikono kwa tambara, na uso wa mtu anayesubiri kusifiwa. "Nimekupunguzia kazi. Wewe na vipimo vyako tungefika mwakani."

Kipimo akaweka mzigo chini. Akachukua spana, akaipachika kwenye bolti ya mbele, akavuta. Krankshafti iliyokaa sawasawa kwenye beringi mpya zenye oili huzunguka kwa mkono mmoja, tena unaweza kuwa unapiga soga. Hii haikutikisika. Akavuta kwa mikono miwili, mguu ameuegemeza kwenye stendi. Wapi!

"Mwanzoni inakaza kidogo," kaka akasema. "Mimi nimetia bomba refu kwenye spana, nikaizungusha mara mbili nzima. Italainika yenyewe."

Italainika yenyewe! Jamani, injini si kiatu.

Jina la Kipimo hakujipa. Alipewa na wateja waliochoka kusubiri, maana huyu bwana hapimi mara moja. Atapima silinda juu, katikati na chini, atageuza mikromita upande wa pili apime tena, aandike kwa chaki ukutani, anywe chai, arudi apime upya kana kwamba chuma kimemdanganya. Na ana mdomo. Mtu analeta gari linafuka moshi kama tanuri la matofali, halafu anaulizia spika mpya, basi huyo ataondoka masikio yanamuwasha. "Oili hubadilishi, unataka muziki! Utacheza barabarani likizimika?" Wengi walikwenda kwa mafundi wenye maneno matamu. Wengi walirudi pia, wanavutwa kwa kamba.

Kanuni yake ilikuwa moja: pesa iende kwenye kinachozunguka. Gari kuukuu halihitaji tajiri, linahitaji mtu anayejua pa kubana na pa kuachia. Rangi inaweza kungoja, viti vinaweza kungoja, hata kioo chenye ufa kinaweza kungoja. Beringi hazingoji mtu.

Mtu mmoja tu duniani Kipimo hakuwahi kumpandishia sauti, naye ni huyu kaka aliyekaa juu ya tairi. Watu walimwita Dereva. Miaka thelathini na moja aliendesha magari ya wengine: malori ya saruji, malori ya soda, mwishoni gari la bosi mmoja aliyekuwa anakaa nyuma anasoma gazeti na kukohoa akitaka redio izimwe. Hakuwahi kugonga hata kuku. Baba yao alipofariki, ni Dereva aliyemtoa mdogo wake nyumbani, akampeleka kwa fundi akajifunze kazi, akamnunulia spana za kwanza. Kwa hiyo kaka akisema kiti ni meza, Kipimo alikuwa anakaa juu ya meza, yamekwisha.

Alipostaafu, kampuni ilimuuzia pikapu ya zamani iliyokuwa imekufa uani miaka minne, majani yameota mpaka kwenye karoseri ya mizigo. Siku ile ilipoburutwa mpaka gereji, Dereva alizunguka akaigusa kila pembe.

"Mdogo wangu," alisema, "nimeendesha vya watu mpaka nimeota mvi. Nataka niendeshe changu. Hata mwaka mmoja tu. Nikifa baada ya hapo, sina neno."

Kipimo akaifungua. Kazi yake hakutaka kulipwa hata senti, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa vipuri, na vipuri ni mfuko wa mstaafu. Akapima. Silinda zimelika, lakini bado zimo ndani ya kipimo: hazichongwi, zitapitishwa jiwe tu, ziwekewe ringi mpya kwenye pistoni zilezile. Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, akailaza juu ya kioo kinene, akaichungulia pande zote, imenyooka: isiguswe. Krankshafti inang'aa: isuguliwe kidogo, irudi. Kila alipoona kitu kizima alifurahi kama mtu aliyeokota.

"Ila hapa, kaka, hatubani," alisema, akamhesabia kwa vidole. "Beringi. Pampu ya oili. Gasketi. Cheni. Za mtumba usiniletee. Sitaki hata kuziona."

Na kaka akaleta. Mwezi huu boksi moja, mwezi ujao boksi jingine, kila moja kalishika mikononi kama keki. Kipimo akamsifia mpaka kwa mchomeleaji wa banda la pili: "Umeona? Kaka anajua kubana. Pensheni ileile, lakini kitu kipya." Amebana wapi, hakuna aliyeuliza.

Mchomeleaji alikuwa na lake. "Kaka yako siku hizi ameota mapembe. Juzi nimempungia mkono hapo nje, kanipita kama nguzo ya umeme. Kwa sababu ya pikapu hii? Je, angekuwa na basi?"

Kipimo alimtetea kwa mdomo tu, maana moyoni naye alikuwa na kinyongo. Mwezi uliopita alitandaza gasketi ya hedi sakafuni, mpya, juu ya karatasi safi, na kaka akaja akaikanyaga katikati, akaichana. Hakusema hata pole. Alisema, "Nani anaweka vitu njiani?"

Kipimo akameza. Alikuwa amemeza mengi miezi ile. Leo, na ile spana isiyotikisika mkononi, hakuwa na pa kumezea tena.

Akaanza kufungua. Bolti moja moja, kofia moja moja, anazipanga juu ya benchi. Sasa, hizi kofia za krankshafti ukiziona utasema ni ndugu mapacha. Si kweli. Kila moja imechongwa pamoja na mahali pake, chuma kwa chuma, na haziazimani. Ndiyo maana Kipimo, kabla hajazitoa siku ya kwanza, alizigonga vinukta kwa tindo: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, vyote upande wa mbele. Kazi ya dakika mbili, na imeokoa injini nyingi.

Ya mwanzo na ya mwisho zilikuwa sahihi, kwa kuwa zina umbo la peke yake. Hizo tatu za katikati zilikuwa vurugu tupu. Ya pili imekaa kwa ya nne. Ya nne kwa ya pili. Ya tatu iko kwake, lakini imetazama nyuma.

Akainua krankshafti. Beringi mpya, zile alizoapa hazitakuwa za mtumba, zilikuwa zimechubuka mpaka rangi ya ndani imetoka. Akapitisha ukucha kwenye chuma cha krankshafti, pale pa pili. Ukucha ukanasa. Pa nne, ukanasa tena. Chuma alichokiokota kizima, kilichokuwa kinahitaji kusuguliwa tu, sasa lazima kiende kikachongwe upya, na beringi nyingine zinunuliwe, nene kuliko hizi. Miezi saba ya kubana imekwenda kwa bomba moja na asubuhi moja.

"Kaka," akasema, "wewe una wazimu?"

Mchomeleaji akainua miwani yake nyeusi. Hakuwahi kusikia jambo kama hilo likitoka kinywani mle.

"Unasemaje?" Dereva akauliza polepole.

"Nauliza kama una wazimu! Nilikwambia usiguse! Nilifunika kwa kitambaa, nikakwambia kaka, ninakwenda kwa watu wa mashine, usiguse kitu! Umegusa. Haya, umegusa. Alama hizi hukuziona? Moja, mbili, tatu! Mtoto wa chekechea anajua moja, mbili, tatu!"

"Trei ya kofia ilianguka. Nikaziokota, nikazipanga."

"Umezipanga kwa kutumia nini, magoti?"

"Punguza sauti. Mimi nimekulea."

"Umenilea, sikatai! Na kila siku nakushukuru! Lakini hii," akachukua kofia moja kutoka benchini, akamtia mkononi kwa nguvu, "hii nisomee. Ina nukta ngapi?"

Dereva akaishika. Akaisogeza karibu na uso, akaigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akaigeuza tena. Kipimo alisubiri, anatweta. Halafu akaona kidole gumba cha kaka kinatembea juu ya chuma, taratibu, kinapapasa ukingo wa mbele, kinarudi, kinasimama.

"Tatu," Dereva akasema.

Zilikuwa tatu kweli. Lakini wakati anasema, macho yake hayakuwa kwenye kofia. Yalikuwa yanatazama kitu kisichokuwepo, karibu na mlango.

"Umezihesabu kwa kidole," Kipimo akasema.

"Nimezihesabu. Ulitaka nizihesabu kwa mguu?"

Kipimo akasogea pembeni, upande wa kushoto wa kaka yake, akainua spana hewani, karibu kabisa na sikio. "Nimeshika nini?"

Kaka hakugeuka. "Acha utoto."

"Nimeshika nini, kaka?"

Mchomeleaji akazima mashine yake, akasema anakwenda kutafuta maji, akatoka, na ndoo yake imejaa.

Ikatoka kidogo kidogo, na kwa ubishi, maana Dereva hakuwa mtu wa kuungama. Macho yalikuwa na presha. Miaka miwili sasa. Daktari alisema jicho likiwa na presha linakufa kuanzia pembeni, na kilichokufa hakirudi, ila dawa ya matone ukiitia kila siku bila kukosa inazuia kilichobaki kisiende. Alikuwa anatia. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda zamani. La kulia lilikuwa zima.

"Lilikuwa?" Kipimo akauliza. "Dawa umeacha lini?"

"Tangu pampu."

"Pampu gani?"

"Ya oili. Chupa moja ya dawa ni ya mwezi. Nikasema mwezi huu pampu, mwezi ujao dawa. Mwezi ujao ukasema gasketi. Halafu ukasema beringi, tena ukasema za mtumba hutaki hata kuziona." Akainua mabega. "Nikaona jicho linaweza kungoja."

Kipimo akakaa chini, hapohapo kwenye oili. Alitaka kumpiga mtu. Alitaka kumpiga kaka yake, na alitaka kujipiga mwenyewe, kwa lile domo lake na hesabu zake za vidole, hatubani hapa, hatubani pale, huku anamsifia mtu anayejitoboa macho boksi kwa boksi. Hasira ikamgeukia yeye, na kwa mtu wa namna ile hasira ikigeuka haipoi, inaongezeka.

"Na ulitaka kuendesha," akasema. "Nimalize injini, nikupe funguo, uingie barabarani. Hivyo hivyo."

"Miaka thelathini na moja sijagonga hata kuku."

"Kuku ulikuwa unawaona!"

Akatoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?"

"Shemeji."

"Hajui. Na hatajua." Dereva akasimama, sasa sauti yake nayo imepanda. "Sikiliza, bwana mdogo. Ukipiga hiyo simu, mimi na wewe basi. Huna kaka."

Kipimo akapiga. Akaeleza yote mbele yake, neno kwa neno, anapayuka kama mtu anayeripoti wizi. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kulia, halafu akaanza kutukana, maana naye si haba. "Mimi nilidhani amenichoka, shemeji! Nikimwekea kikombe anakikosa, nikimvalia nguo mpya haoni. Nikasema huyu ana mwanamke. Kumbe mwanamke mwenyewe ni pikapu!"

Wakati huo Dereva alikuwa ameshatoka nje. Kipimo alimwona anakwenda huku mkono mmoja unagusa ukuta wa mabati, na akajiuliza, ukuta huo kaka ameugusa hivyo mara ngapi, na yeye mwenyewe kutwa amezama kwenye mikromita.

Wiki tano hawakusemeshana. Shemeji alimpeleka mumewe hospitali kwa mkono wake mwenyewe, na matone sasa anayatia yeye, asubuhi na jioni, anamshika kidevu kama mtoto. Daktari hakubadilisha maneno. Kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki ni tundu dogo katikati ya jicho moja, na hata hilo lina ukungu.

Kipimo angeweza kuiacha injini ile ioze. Hakuiacha, na ukimuuliza kwa nini atakutukana. Krankshafti ikaenda ikachongwa, beringi nene akanunua mwenyewe, na akafunga kila kofia mahali pake huku anasonya. Mchomeleaji alijaribu utani siku moja, akasema injini ikifungwa kwa matusi namna hii haitavuja oili maisha, maana kila bolti imelaaniwa isilegee. Alijibiwa vizuri, hakurudia.

Siku ya kuiwasha, Kipimo hakumwita kaka yake. Alimwambia shemeji tu, na shemeji akaja naye. Dereva alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, viatu vimeng'arishwa. Hakumsalimia mdogo wake. Alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, akaweka kiganja juu ya bodi, akangoja.

Injini ikakoroma, ikakataa, ikakoroma tena, ikashika. Moshi ukatoka kidogo, ukaisha. Ikatulia, ikawa inanguruma chini chini, sauti ya mashine ambayo haidaiwi na mtu. Dereva akasikiliza kwa muda, kichwa amekiinamisha.

"Tapeti ya silinda ya tatu imelegea," akasema.

Kipimo akachukua spana, akafungua, akapima. Kweli imelegea, kwa unene wa karatasi. Alikuwa amepima mara nne, na kaka amesikia kwa sikio. Akaikaza, na hasira yake ikapata kitu kingine cha kula.

Akafunga boneti. Dereva akaanza kutembea, mkono juu ya bodi, anafuata ubavu wa gari, taa, matairi, kioo cha pembeni, mpaka mlango wa usukani. Mkono ukagusa tumbo la mtu. Kipimo alikuwa amesimama pale.

"Pisha."

"Sipishi, kaka."

"Gari la nani hili?"

"Lako."

"Kadi ina jina la nani?"

"Jina lako. Ni lako lote, mpaka skrubu."

"Basi pisha."

"Hata ukinipiga."

Dereva akainua mkono. Shemeji, nyuma yao, akasema "Baba!" lakini hakusogea. Mkono ulikaa hewani, na Kipimo hakukwepa. Alitamani upige. Angepigwa, angalau mmoja wao angepumua.

"Mpaka barabara kuu tu," Dereva akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ilimuuma Kipimo kuliko kofi. "Barabara hii naijua. Kila shimo. Naweza kuiendesha nimelala."

"Barabara unaijua. Waliomo barabarani leo huwajui."

"Bora ningekuacha ulivyokuwa. Ningejua utakuja kunizuia mlangoni mwangu, nisingekununulia hata nati."

"Sawa."

"Mbwa wewe."

"Sawa, kaka. Zunguka upande wa pili."

Akazunguka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemshika mkono, maana alikwisha kumsukuma shemeji mara mbili. Akapapasa kitasa, akaingia, akafunga mlango kwa kishindo kilichotikisa kioo. Shemeji akasema yeye atarudi na pikipiki, hawezi kukaa katikati ya fahali wawili.

Wakatoka taratibu. Pikapu ilikuwa nyepesi, gia zinaingia zenyewe. Kipimo alitazama mbele, taya zimemkaza. Kwa pembe ya jicho akaona mguu wa kulia wa kaka yake unafanya kazi. Penye kona, unakanyaga sakafu. Penye tuta, unakanyaga sakafu. Mtu aliyeshika breki miaka thelathini na moja haachi kwa siku moja, na Kipimo akataka kucheka, akaanza kuuangalia mguu ule vizuri. Ndipo alipoona. Mguu ulikuwa unakanyaga baada ya gari kupungua mwendo. Si kabla, baada. Kila mara.

Karibu na shule, mtoto wa kike mwenye sare akashuka barabarani kutoka kushoto, mkoba kichwani, hatazami popote. Kipimo akafunga breki, matairi yakalia, gari likasimama hatua mbili mbele yake. Mtoto akaganda katikati ya njia, macho yamemtoka. Mguu wa kaka ulikuwa umetulia chini, haujasogea. Halafu ukaruka, ukakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

"Nini?" Dereva akauliza.

"Mtoto."

"Yuko wapi?"

"Mbele yako, kaka. Mbele yako kabisa."

Dereva akasogeza uso mpaka karibu ugonge kioo. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, anatafuta. Mtoto alikuwa palepale, mwangani, sare yake nyeupe, anamtazama.

"Ameshavuka?" akauliza.

"Bado."

Dereva akaegemea kiti, mikono miwili ameiweka juu ya magoti. Mguu wake ulibaki umekandamiza sakafu.

"Basi ngoja," akasema. "Usiondoe gari mpaka uniambie amevuka."